Jaribio moja lililobaki: kisa cha skrini iliyochubuka, Goma

Mhasibu wa shirika dogo lenye ofisi mtaa wa Katindo, hapa Goma, alileta kifaa cha kutunza nywila ambacho skrini yake ilikuwa karibu haisomeki. Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani: boksi la aluminiamu, skrini ya OLED (aina ambayo kila nukta hujiwakia yenyewe) ya kama inchi moja, gurudumu dogo la kuzungusha na kubonyeza, na tundu la kadi ya chipu. Ndani mlikuwa na nywila za benki, za akaunti ya pesa ya simu ya shirika, za barua pepe wanayoandikiana na wafadhili, na za mahali wanapohifadhi vitabu vya hesabu. Alikuwa ameshakosea PIN ya kadi hiyo mara mbili. Akikosea ya tatu kadi inajifunga na haifunguki tena. Kadi ya pili ya akiba hakuwa nayo.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, bila jina lake wala la shirika. Nitamwita Mama tu, kama ninavyomwita dukani.

Mambo mawili yalichanganyika hapa na ilibidi kuyatenganisha mapema. La kwanza lilikuwa la haraka: kuingiza PIN sahihi mara moja kwenye skrini mbovu. La pili lilikuwa la kulinda skrini hiyo isifike tena hapo. Mafundi wengi wangerukia la pili, kwa kuwa ndilo linaloonekana kama kazi ya fundi: bandua, safisha, badilisha kioo. Lakini ukigusa kifaa kabla ya kuokoa kilichomo, na mkono ukateleza, umemaliza kesi kwa njia mbaya.

Kwa nini kifaa hiki kina skrini

Swali hili huulizwa na kila anayekiona. Kompyuta ina skrini kubwa, simu ina skrini nzuri kuliko hii, ya nini basi kidirisha hiki kidogo? Jibu ni kwamba skrini ya kompyuta huandika chochote ambacho programu iliyomo ndani imeamriwa kuandika. Kirusi kikishaingia, unaweza kuwa unatazama ukurasa wa benki yako kumbe nyuma yake inaombwa nywila ya akaunti nyingine kabisa. Kifaa hiki hukataa kumtolea mtu nywila mpaka kioneshe kwenye skrini yake chenyewe ni tovuti gani inaomba, kwa jina la mtumiaji gani, halafu kisubiri kidole kibonyeze gurudumu. Kirusi hakina kidole.

Sasa mtu asiyeweza kusoma kilichoandikwa pale atafanya nini? Atabonyeza. Kazi ni nyingi, mfadhili anasubiri ripoti, foleni ya watu wa kulipwa iko mlangoni. Mama alikiri waziwazi kwamba kwa muda mrefu alikuwa akibonyeza kwa mazoea tu, kwa sababu maandishi yalikuwa ukungu. Kifaa kiliendelea kutoa nywila na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo usalama wake ulikuwa umekwisha kufa kabla hata ya PIN kukosewa, na hili ndilo lililonifanya niandike. Tunahesabu mkwaruzo kama kasoro ya sura, sawa na simu iliyozeeka. Kwenye kifaa cha namna hii, skrini ndiyo shahidi pekee asiyeweza kuhongwa na kompyuta. Ukimziba macho, kilichobaki ni boksi la aluminiamu.

PIN nayo ina mchezo wake. Ni herufi 4, na kila moja inaweza kuwa 0 hadi 9 au A hadi F, yaani michanganyiko 65,536. Kila nafasi inapoanza, kifaa hujichagulia chenyewe herufi ya kuanzia kwa kubahatisha, ili anayekuchungulia mkono asihesabu umezungusha mara ngapi. Ulinzi mzuri, lakini maana yake ni kwamba vidole havina cha kukariri. Kwenye mashine ya benki mtu anaweza kuandika PIN gizani. Hapa lazima aone. Ukithibitisha herufi, inageuka nyota na huwezi kuikagua tena. Na kati ya herufi zile, 8 na B zinafanana, 0 na D zinafanana, 1 na 7 zinafanana kwenye nukta chache za skrini ndogo. "Fundi, hii ni moya ao ni saba?" aliniuliza, akinigeuzia kifaa, na nikamwomba akigeuze upande wake, nisione.

Kilichochubua

Nilikiweka chini ya hadubini ninayoungia bodi za simu. Skrini yenyewe, yaani kile kioo chembamba cha OLED, ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni dirisha lililo juu yake, pleksi (plastiki ngumu inayoonesha kama kioo) ya rangi ya moshi iliyogandishwa kwenye aluminiamu.

Kijana wa kompyuta wa ofisini kwao alikuwa ameshahukumu: funguo za mkobani. Sikukubaliana naye. Mkwaruzo wa ufunguo huwa mrefu, una kina, hukata kwenda upande wowote, na huwa michache. Hapa palikuwa na mistari myembamba isiyohesabika, imejipinda kama tao, imesongamana katikati ya dirisha na kupungua kuelekea pembeni. Pembe nne zilikuwa karibu safi. Sarafu nazo hazihusiki, maana Kongo tunatumia noti tupu, hakuna anayetembea na chenji ya chuma.

Mistari ya duara iliyosongamana katikati hutoka kwenye kidole kinachopangusa. Nilimwuliza Mama anasafishaje. Akanionesha: anashika ncha ya kitenge, anahemea dirisha kidogo, anapangusa kwa mzunguko. Kila asubuhi, na kila anapotaka kusoma vizuri. Kadiri dirisha lilivyozidi kuwa ukungu ndivyo alivyozidi kupangusa, na kadiri alivyopangusa ndivyo ukungu ulivyozidi.

Kitenge chenyewe hakina kosa. Pamba haichubui pleksi. Nilibandika kipande cha selotepu kwenye mshono wa ndani wa mkoba wake, nikakitazama kwa hadubini, na hapo palikuwa na jibu: chembe nyeusi zenye kingo kali, nyingine zinang'aa kama vipande vya chupa. Vumbi la lava. Aliyeishi Goma hahitaji maelezo. Lava ya volkeno yetu, Nyiragongo, ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na sisi tumejenga juu yake na kwa mawe yake. Barabara zisizo na lami zinasagwa na pikipiki na chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, mchana kutwa, na unga wake unaingia kwenye mikoba, kwenye sufuria, kwenye kibodi.

Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo cha Mohs, 1 hadi 10, ambapo kigumu hukwaruza laini. Pleksi iko karibu na 3. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, ndiyo maana inatiririka upesi hivyo, na kwa hiyo haina kwatsi, yale madini magumu ya silika, ya kutisha kama mchanga wa kwingine. Lakini madini ya nefelini na leusiti yaliyomo yako kama 5.5 hadi 6, na madini ya olivini ni 6.5 hadi 7. Kioo cha kawaida ni kama 5.5. Kwa pleksi hakuna la kujadili: kila chembe pale ilikuwa na uwezo wa kuikata, na kitenge kilikuwa kinazishikilia na kuzisugua.

Mtu aliyetupa kifaa chake mfukoni bila kujali angekuwa na mikwaruzo michache na angeendelea kusoma. Aliyekitunza ndiye aliyekiharibu.

Kuingiza PIN

Kijana wa kompyuta alikuwa na wazo jingine: wapige picha skrini kwa simu, wakuze picha, wasome. Kwa simu ya zamani isiyo na mtandao ningeweza kulifikiria. Kwa simu ya leo, picha ile inajipakia yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni kabla hujaifuta, na huenda ikabaki kwenye albamu ya WhatsApp ikiwa ilitumwa "kwa sekunde moja tu". PIN iliyofichwa kwenye kadi ya chipu ili isitoke, halafu tuipige picha nne. Hapana.

Tulifanya mambo matatu, na yote hayagharimu pesa.

La kwanza lilitokana na namna kifaa kinavyofanya kazi. Herufi ya kuanzia ni ya kubahatisha, lakini mpangilio wa zinazofuata haubadiliki: baada ya 7 inakuja 8, baada ya 9 inakuja A, baada ya F inarudi 0. Kwa hiyo huna haja ya kuitambua herufi unayoitaka. Tafuta moja isiyofanana na nyingine yoyote, kwa mfano 4, hata kama dirisha ni ukungu. Ukishaipata hiyo kwa uhakika, hesabu mibofyo ya gurudumu mbele au nyuma hadi unayoitaka. Kama unataka B, ni mibofyo saba mbele ya 4. Endelea mpaka F, hesabu tena urudi, ukague. Maadamu hujabonyeza, hakuna kinachopotea: kuzungusha si kujaribu. Mama hakuwa amelifikiria hilo, na kwa kweli maelezo yanayokuja na vifaa hivi huwa hayalisemi.

La pili ni selotepu. Mkwaruzo unaonekana kwa sababu umejaa hewa. Mwanga unapotoka kwenye plastiki kuingia hewani kupitia ukuta uliopinda wa mfereji mdogo, unatawanyika huku na huku, na mifereji elfu ikitawanya unaona ukungu. Ukijaza mifereji hiyo na kitu kinachopinda mwanga karibu sawa na plastiki yenyewe, mwanga unapita kama vile hakuna mfereji. Pleksi inapinda mwanga kwa kipimo cha 1.49, hewa ni 1, maji ni 1.33, na gundi ya selotepu angavu iko jirani kabisa na pleksi. Nilipuliza vumbi kwanza kwa pampu ya mpira, bila kupangusa, nikabandika kipande kimoja cha selotepu ile angavu, siyo ile ya maziwa inayoandikika juu yake, nikaikandamiza kwa ukucha wa plastiki kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Dirisha lilifunguka mbele ya macho yetu. Haikuwa kama mpya, ila 8 na B zikaachana.

Wasiosadiki wajaribu kwanza kwenye kioo cha saa ya zamani. Mimi mwenyewe nilianza na kipande cha pleksi chakavu, sikutaka kujifunzia kwenye mali ya mtu.

La tatu ni lenzi ya sonara, ile ya kubana jichoni, na chumba kilichotiwa kivuli. OLED inajiwakia yenyewe, haihitaji taa ya juu. Mwanga wa mchana wa Goma, mji ulio kama mita 1,500 juu ya bahari, unaizima kabisa.

Nikatoka. Nilikaa nje ya pazia na kijana wa kompyuta. Tulimsikia Mama akihesabu kwa sauti ndogo, akaanza upya, akahesabu tena. Kisha akaita. Kadi ilikuwa imefunguka, na kwa kuwa PIN sahihi inarudisha hesabu ya makosa mwanzo, majaribio yalikuwa matatu tena.

Kabla ya jambo lolote lingine, pale pale, tulitengeneza kadi ya pili na nakala ya hifadhi iliyofungwa kwa fumbo. Kadi ile ya pili haikai ofisini Katindo. Inakaa wapi, hainihusu na sikuuliza.

Kubadilisha dirisha au kulifunika

Sasa ndipo tulipoanza mazungumzo ya ulinzi. Ofisi ilitaka nitoe dirisha lote niweke jipya la angavu, "kama la simu". Nilikataa kwa sababu mbili, na ya kwanza watu wengi hawaijui.

Ile rangi ya moshi haikuwekwa kwa urembo. Mwanga wa skrini unapita dirisha mara moja tu, kuja jichoni. Mwanga wa jua unapita mara mbili: unaingia, unagonga uso wa skrini, unarudi. Dirisha likipitisha nusu ya mwanga, maandishi yanabaki na nusu ya nguvu yake, lakini mng'ao wa jua unaoyafunika unabaki na robo. Maandishi yamefifia, ila yametengana na mng'ao mara mbili zaidi ya mwanzo. Weka pleksi angavu, utafurahi dukani chini ya taa, na utalia ukiwa kwenye veranda Himbi saa sita mchana.

Sababu ya pili ni kufungua. Kifaa cha usalama kikishafunguliwa na mtu asiye mwenyewe, kimeulizwa swali ambalo hakiwezi kulijibu: nini kimeongezwa ndani? Waya mmoja kwenye gurudumu na kijipande cha kumbukumbu vinatosha kuandika PIN. Sijisemi vibaya, nasema tu kwamba mteja hana njia ya kujua mimi ni nani nikiwa peke yangu na bisibisi. Kama dirisha lingekuwa limepasuka, ningelazimika kufungua, na ningefanya hivyo mbele yake, kadi ikiwa kwapani mwake, huku kijana wake akirekodi bodi pande zote mbili. Halikupasuka. Basi hakuna haja.

Badala yake tulipaka rangi ya kucha yenye vimetameta kwenye maungio ya boksi. Njia hii walioieleza mbele ya watu wengi ni Eric Michaud na Ryan Lackey, kwenye 30C3, mkutano wa wadukuzi huko Hamburg, Desemba 2013. Vimetameta vinatua ovyo na hakuna mtu anayeweza kuvipanga tena vilivyokuwa. Unapiga picha maungio, na hii ni picha ambayo haina siri, unaweza kuituma popote. Siku ukishuku, unalinganisha. Rangi ililetwa na binti yake Mama, ya waridi, na sasa kifaa cha mhasibu kinaonekana kama kimetoka harusini.

Dirisha tulilifunika. Na hapa lazima niseme neno kuhusu vile vioo vya kubandika vinavyouzwa mtaani Birere kwa maandishi ya "9H". Mteja akisoma 9H anafikiri ni 9 ya Mohs, chini kidogo ya almasi. Hiyo ni 9H ya penseli. Kuna kipimo cha kukwaruza uso kwa penseli, na 9H ni ngumu kuliko zote kwenye seti. Maana yake tu ni kwamba penseli haikuukwaruza. Kioo kile bado ni kioo, na olivini ya mlimani kwetu inakikwaruza. Tena hakikatwi: kimetiwa nguvu kwa kemikali, ukijaribu kukikata kiwe kidogo kinapasuka vipande. Cha saa ya mkononi kingeweza kuenea, lakini kingo zake zingeinuka juu ya dirisha na kukusanya vumbi lile lile.

Tulichagua filamu laini, ya aina ya plastiki inayonyumbuka kama mpira, ile inayouzwa kwa simu zenye kingo zilizopinda. Inakatwa kwa mkasi. Ulaini wake ndio faida: chembe ikibanwa inazama kidogo kwenye filamu, na filamu ikilegezwa inarudi karibu na umbo lake. Gundi yake inafanya kazi ile ile ya selotepu, inajaza mifereji ya chini. Ikichoka unaibandua unaweka nyingine, na karatasi moja ya simu inatoa vipande vingi vya kidirisha kama hiki. Ubaya wake ni kwamba inanata vidole kidogo na inaonesha alama za mafuta, na mtu ataona hamu ya kupangusa. Niliikata iwe fupi ya dirisha kwa upana wa uzi kila upande, ili isishike kwenye ukingo wa aluminiamu na kuanza kubanduka.

Kuhusu kusafisha, agizo lilikuwa fupi. Puliza kwanza. Ikibidi kupangusa, kitambaa kilicholowa maji na kukamuliwa, kikienda upande mmoja, kikikunjwa upya kila mpito. Petroli ambayo sisi mafundi tunaoshea bodi isiguse pleksi, wala asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, hasa sasa ambapo rangi ya kucha imeingia kwenye hadithi. Pleksi iliyokazwa kwenye fremu ikikutana na vimiminika hivyo hufanya nyufa ndogo ndogo kama udongo uliokauka, na hapo hata selotepu haisaidii.

Mkoba haukubadilika, lakini kifaa sasa kinasafiri ndani ya kasha gumu la miwani. Mama anapanda pikipiki kila siku kati ya nyumbani na ofisi, mkoba ukiwa umebanwa kati yake na dereva. Kioo cha OLED ni chembamba na kinavunjika kwa kubanwa sehemu moja kuliko kwa kuanguka bapa. Kasha linabeba mbano huo. Bitana ya ndani anaikung'uta, haipangusii.

Yaliyobaki juu ya skrini

Wakati kadi imefunguka na skrini inasomeka, niliona mstari wa juu umefifia kuliko mingine. Hilo halina uhusiano na vumbi. Kilikuwa kinakaa kimechomekwa kwenye kompyuta mchana kutwa, mwanga kwenye kiwango cha juu, kikionesha maneno yale yale juu. Nukta za OLED huzeeka kwa kuwaka: zilizowaka sana zinafifia mapema. Tuliteremsha mwanga, tukaweka skrini ijizime ikikaa bila kuguswa. Mstari uliofifia hautarudi. Kuubadilisha ni kufungua, na tumeshasema.

Kuna jambo jingine ambalo filamu hailigusi kabisa. Mwaka 2019 mtafiti Christian Reitter alionesha kwamba vifaa kadhaa vya jamii hii, vya watengenezaji tofauti, vilikuwa vinavujisha kilichoandikwa kwenye skrini kupitia umeme. OLED huwasha nukta mstari kwa mstari, na mstari wenye nukta nyingi zinazowaka hula umeme zaidi ya wenye nukta chache. Anayepima umeme unaopita kwenye waya wa USB anaweza kukisia sehemu ya maandishi, PIN ikiwemo, bila kuona skrini kwa macho. Tatizo lilipewa namba zake za CVE, yaani za orodha ya kimataifa ya kasoro za usalama, na baadhi ya watengenezaji wakatoa marekebisho ya programu ya ndani. Mama alikuwa hajawahi kusasisha programu ya ndani tangu anunue. Tulisasisha baada ya nakala kuwa salama, siyo kabla.

Mtu wa kupima umeme hivyo lazima afikie waya au kituo unachochomeka. Kwa ofisi ya Katindo hatari hii ni ndogo, na sikutaka kumtia Mama hofu ya filamu za kijasusi. Nilimwambia jambo moja tu: asikichomeke kwenye kompyuta za watu wala kwenye vile vituo vya kuchajia vyenye matundu mengi, pale umeme unapokatika na kila mtu anapeleka simu. Hicho kifaa hakina betri ya kuchaji, hakuna sababu ya kufika huko.

Aliniuliza kuhusu filamu ya faragha, ile inayozima skrini ukiitazama kwa pembeni. Kwenye skrini ya inchi moja inakula mwanga ambao tayari dirisha la moshi limeula. Kiganja kinatosha.

Kijana wa kompyuta bado anaamini wangehamia kwenye programu ya nywila ya simu na kuachana na haya yote. Ana hoja: simu ina skrini nzuri, na kila mtu anajua kuitunza. Lakini simu yake ina michezo, ina WhatsApp, ina programu ambazo hakumbuki alizitoa wapi, na vyote vinaandika kwenye skrini ile ile. Tulibishana na hatukukubaliana. Mama ndiye anayesaini vitabu, na Mama amebaki na kifaa chake.

Kamati ya shirika ilipopitia gharama, mweka hazina msaidizi alitaka kujua kwa nini kuna risiti ya filamu ya simu wakati shirika halikununua simu. Waliiandika chini ya vifaa vya ofisi. Karatasi iliyobaki iko kwenye droo, vipande vimeshakatwa, na kipande cha kwanza kilishabadilishwa. Nilikitazama kwa hadubini: kimejaa matundu madogo ya chembe, hakuna duara hata moja.